Tukutuku ya Muyomba Kapya

Katuba, Élisabethville, siku 9 ya mwezi wa pili 1954

Kwa Muyomba Kapya, Mitwaba

Muyomba wangu,

Jambo mingi kwako weye, na kwa mama Constance, na kwa bote ba pale. Siye hapa tuko bazima. Bibi yangu Julienne alizaa mutoto mwanamuke siku ya Bafalme, mu mwezi wa kwanza, tukamupa jina Marie-Thérèse, jina ya mama yangu, dada yako. Analia mingi, analia na nguvu. Jirani yetu Brigitte, mwenye kuuza makala, anasema ile sauti ni ya ukoo yetu, na siwezi kubisha juu ninakukumbuka vile ulikuwa unaimbaka mu misa. Kazi inaendelea muzuri. Mu atelier bananipandisha, sasa niko ajusteur wa kweli, mufundi wa kupima na kunyoosha chuma, niko na nyundo yangu na kipimo yangu ya chuma, na hakuna muntu mwenye ruhusa ya kuigusa.

Sasa kaa chini, Muyomba. Ulisha kukaa?

Nilinunua tukutuku yako.

Ndiyo, ile ile! Saroléa ya mwaka 1928, ile moto, ile pikipiki, ulikuwa unapandaka kila siku kupelekea Docteur dawa mu ma-camp ya bafanyakazi. Docteur alikufa kule Bulaya, na Madame, bibi yake, anauzisha bintu byote juu anarudia kwabo. Nilienda pale kununua meza. Mu nyuma ya nyumba nikaona kibanda ya kuku, na mu kibanda nikaona guidon, ile pembe ya kushikia. Kuku ilikuwa inalalia juu ya kiti! Meza nikaisahau. Nilipangusa tanki na chemise yangu, nikaona ile kiraka ya shaba ulipigaka weye mwenyewe, na machozi ikatoka pale pale mbele ya Madame. Alifikiri ninamulilia Docteur, akanipa kitambaa. Bei sitakuambia juu utanitukana. Julienne alisha kunitukana, inatosha.

Niliisukuma na mikono toka mu ville, kule kwa bazungu, mpaka Katuba, jua kali. Bantu balicheka, lakini muzee mumoja alitoka mu nyumba yake akasema: «Hii si tukutuku ya Kapya? Kapya mwenye goti haikunjike, mwenye kupita hapa mbio na dawa?» Unaona? Hawajakusahau.

Garage moja ya mu ville baliniazima catalogue ya zamani ya Saroléa, iko na picha na bipimo byote. Nitaitengeneza vile ilitoka mu usine, kiwanda ya Bulaya, ata vis moja ya kukaza haitakosa. Kiangazi nitakuya nayo Mitwaba, na utaipanda mbele ya bantu bote. Unasemaje?

Ni miye, mwipwa yako,
Constantin


Mitwaba, siku 21 ya mwezi wa tatu 1954

Mwipwa wangu Constantin, mutoto ya dada yangu,

Barua yako nilipata jana. Ilikaa ku duka ya Mugreki wiki mbili chini ya mufuko ya samaki, na nyumba yote inanuka mpaka leo. Lakini tuko bazima. Mihogo iko mingi mwaka hii, karanga iko kidogo juu nguruwe ya pori ilitutangulia. Constance anakohoa, lakini anasema bado mingi, kwa hiyo sina woga. Ile jina mulimupa mutoto, asante. Niliposoma pale, nilienda nyuma ya nyumba kukaa peke yangu kidogo.

Sasa. Kuku! Kuku juu ya kiti ya Saroléa, na weye unaniandikia sawa vile hakuna neno! Ile kiti nilikuwa ninaipaka mafuta kila Jumamosi, siku ya posho, Docteur alikuwa anacheka, anasema ninaipenda kupita bibi. Constance anasoma hapa juu ya bega yangu na anasema ilikuwa kweli.

Na kintu ingine. Kwetu mwipwa anakamata bintu bya muyomba bila kuomba. Anaingia mu nyumba, anakamata ata nyama mu nyungu, na muyomba anabakia kucheka tu, njo desturi. Weye ulikamata kintu yangu, lakini ulilipa! Ulisikia wapi mwipwa mwenye kulipa? Ukoo yote itatucheka.

Nilisoma barua mara ine. Constance anasema itapasuka.

Usitie rangi bado. Carburateur, ile ya kuingiza petroli, siku ya mvua inakatalaka. Uipige kidogo na kidole, itaitika. Chaîne, ule munyororo, usiikaze sana, inapenda kupumua. Na kintu moja unijibu muzuri: ile repose-pied ya kushoto, pale pa kutia muguu, iko namuna gani? Uniambie tu vile uliikuta.

Kiangazi iko karibu. Ninahesabu.

Muyomba yako,
Kapya


Katuba, siku 2 ya mwezi wa tano 1954

Muyomba wangu mupendwa,

Tunakusalimia bote. Mutoto alisha kupata kilo, Julienne alirudilia kushona nguo, na mvua ilisha kuisha, mavumbi inaanza kupanda. Mama Constance anywe asali na ndimu, Julienne anasema hivyo, na Julienne akisema hapa nyumbani tunafuata.

Muyomba, inalia! Siku ya posho ya Pasaka niliipiga muguu mara kumi na moja bila kitu, mara ya kumi na mbili ikaitika: tuku-tuku-tuku, Katuba yote ikatoka inje. Mutoto aliamuka akalia, moto inalia, yeye analia, na miye pia sikuwa mbali. Kiti nilipaka mafuta. Chaîne inapumua.

Ile repose-pied ya kushoto uliuliza: Muyomba, niliikuta imeharibika mubaya kabisa. Ilikuwa imepindika mbele na inje, sawa muntu aliigonga ku muti. Sijui nani, labda mupishi ya Madame alikuwa anaipanda kwa kujificha. Lakini usiwe na wasiwasi tena. Nilienda nayo ku forge ya Nkandu, mufua chuma, tukaitia mu moto ya makala, nikaipiga nyundo miye mwenyewe, nikapima, nikapiga tena. Sasa iko sawasawa na catalogue, ata millimètre moja haipungui. Nilifurahi mpaka nikamununulia Nkandu pombe.

Sasa nisikilize, juu niko na neno ya kukuuliza. Yule Monsieur mwenye garage, mwenye catalogue, alikuya kuangalia. Alizunguka moto mara tatu, akapiga magoti kabisa na suruali yake nyeupe. Anasema: ukiacha rangi ya zamani, na kila kintu ibakie vile usine iliifanya, nitaitia mu vitrine yangu, mu dirisha ya duka, na nitakupa moto ya mupya mahali pa hii. Ya mupya kabisa, Muyomba! Kiraka yako ya shaba haimupendezi, lakini anasema atafunga macho. Ningeenda nayo kazini, ningepeleka Julienne ku soko. Lakini roho yangu inasema kubadilisha tukutuku yako ni sawa kukubadilisha weye. Nimegawanyika. Weye njo mukubwa wangu. Sema, na nitafuata.

Mwipwa yako,
Constantin


Mitwaba, siku 19 ya mwezi wa saba 1954

Mwipwa wangu,

Jambo. Tuko bazima. Karanga ilisha kuvunwa. Barua yako nilipata zamani kidogo, lakini kazi ya shamba ilikuwa mingi.

Ulifanya kazi muzuri. Ajusteur wa kweli anafanya vile. Moto ni yako, na ukiona inafaa kumupa yule Monsieur, umupe. Moto ya mupya ni kintu muzuri.

Salimia Julienne na mutoto.

Kapya

Constantin, ni miye mama yako Constance ninaandika hapa chini, yee alienda kutafuta bahasha. Anasahauka ya kama bamasœur ba misioni balinifundisha kuandika. Usimuamini. Hakuna kazi ya shamba. Tangu ile barua yako ya mwezi wa tano hasemi neno mu nyumba. Ile repose-pied hakuna muntu aliiharibu. Ni yee mwenyewe aliipinda, mwaka ile alianza kazi, juu goti yake haikunjike na muguu haikuwa na mahali pa kukaa. Docteur alisha kutaka kumufukuza na kukamata muntu wa miguu mizima. Aliipinda, akaipanda, akabakia. Njo ile ilitulisha miaka kenda. Tangu barua yako ya kwanza alikuwa anaendaka asubuhi ku kipande ya ukuta kuzoeza muguu kupanda, alishonesha na suruali ya mupya. Usimuambie nilikuandikia. Anarudia.


Katuba, siku 8 ya mwezi wa munane 1954

Muyomba wangu,

Sijui nianzie wapi kukusalimia. Tuko bazima, mutoto iko muzima, baridi inapita. Unisamehe.

Hakuna muntu aliniambia kitu. Ni miye mwenyewe nilifikiri tu, mu misa, wakati wa mahubiri, na mara moja nikajua juu ya nini ile repose-pied ilikuwa imepindika. Ata mama Constance hakuniambia.

Muyomba, kazi yangu yote ni kunyoosha. Toka asubuhi mpaka jioni bananiletea chuma zenye kupindika, na miye ninanyoosha. Ninaona kintu haifuati catalogue, ninasema imeharibika, ninakamata nyundo. Sikuuliza ilipindwa juu ya muntu gani. Na goti yako niliijua! Njo ile inaniuma kupita yote. Nikiwa mutoto ulinikalisha pa tanki mbele yako, na ile muguu yako ya kushoto ilikuwa pembeni yangu, imenyooka, nilikuwa ninaishikaka na mikono mbili juu ya woga. Namuna gani nilisahau? Nimefuta kazi yako na mikono yangu, kisha nikanywa pombe.

Nitaipinda tena. Kamata kamba, mama Constance akupime toka kiuno mpaka kisigino, afunge fundo pale goti inafikia, na unitumie ile kamba mu barua. Kipimo ingine sitaki.

Nilisha kumuambia Monsieur. Alishika kichwa na mikono. Anasema nikipinda ile chuma, mambo ya vitrine inaisha na moto ya mupya inaisha, juu haitakuwa tena ya asili. Nilimuambia basi iishe. Nilipofika nyumbani nilimuambia Julienne, nikaogopa jibu. Jioni aliweka bugali mbele yangu akasema: «Pinda.»

Tuma kamba, ninakuomba.

Constantin


Mitwaba, siku 30 ya mwezi wa munane 1954

Mwongo weye!

Mu misa! Wakati wa mahubiri! Toka lini weye unaangaliaka ata ukuta ya kanisa bila kusinzia? Nilimuuliza Constance, akaanza kuimba na kufagia mahali alisha kufagia. Basi, jambo mwipwa wangu, tuko bazima, na mu nyumba hii niko na mpelelezi.

Futa machozi. Sikukukasirikia. Ngoja, ninadanganya: nilikukasirikia siku mbili. Nilisema, huyu mutoto nilimubeba pa tanki, na leo ananiletea catalogue. Kisha ikapita. Unajua vile niliipinda? Docteur alisimama na saa mu mukono, ananiangalia ninaanguka mara ya tatu mbele ya bibi yake. Akasema: Kapya, moto haikutengenezwa juu yako. Nikamujibu: Docteur, unipe siku mbili, itatengenezwa. Sikuwa na forge. Nilikuwa na makala, jiwe, na nyundo ya kuazima. Siku ya tatu nilipita mbele yake mbio sana, akaachia saa ikaanguka. Ile siku ilikuwa siku muzuri kabisa ya maisha yangu, unisamehe Constance, njo kweli.

Lakini kamba sitatuma. Ninakuambia juu ya nini, na usimusomee muntu ingine, ata Julienne. Sasa si goti tu, ni nyonga. Munganga wa dispensaire aliniangalia akatingisha kichwa. Pale ku ukuta nilianguka, padri akanikuta chini, akafikiri nilikunywa, na miye nikamuachia kufikiri vile juu ilikuwa na haya kidogo kupita kweli. Muguu haiwezi tena kupita ngambo ingine ya kiti. Niliponyamaza, nilinyamaza juu ya haya. Weye unanitayarishia tukutuku, na miye siwezi kuipanda.

Kwa hiyo acha ile repose-pied vile iko, imenyooka. Weye miguu yako ni mizima, itakufaa. Mupe Monsieur ukitaka, ao bakia nayo. Nani mwingine aikamate kama si mwipwa? Nilipinda ile chuma juu yangu, na wakati yangu ya kuipanda ilisha. Ninakupa na roho nyeupe. Usilie.

Muyomba yako,
Kapya


Katuba, siku 19 ya mwezi wa kenda 1954

Muyomba,

Jambo kwako, jambo kwa mpelelezi. Mutoto alitoa jino ya kwanza na alisha kuniuma nayo. Siye bazima.

Nilisoma barua yako, nikakasirika. Ndiyo, miye mwipwa ninamukasirikia muyomba wangu, utanipiga tukionana. Kintu ya muyomba inapitia ku mwipwa namuna hii siku gani? Weye njo ulinifundisha. Ni siku ya kupyana! Banakusanya ukoo, banakufunga ku kiuno mukaba ya marehemu, banakuita jina yake, na toka pale weye njo yee. Basi, weye uko marehemu? Walisha kukulilia bila kunipasha habari? Kukamata nyama mu nyungu yako nitakamata, mara zote, na sitalipa tena. Lakini mahali yako sitakamata. Nyonga inauma, nimesikia, na inaniuma na miye. Nyonga si kaburi. Hauwezi kunipyanisha mu barua ukiwa unakula karanga.

Kamba haukutuma, basi nilitafuta njia yangu. Nilikamata mbao mbili, Julienne akanifunga nazo muguu ya kushoto na bitambaa bya mutoto, mpaka goti ikakataa kukunjika. Kisha yee na Nkandu bakanipandisha. Nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza nilimuangukia Nkandu. Brigitte aliacha makala yake, akakaa chini mu mavumbi, akacheka mpaka akaomba maji. Mara ya tatu nilikaa, nikaachia muguu iende yenyewe pale inataka, na ikaenda, Muyomba! Ikaenda mbele na inje, vile vile niliikuta ku kibanda ya Madame. Nkandu akatia alama na chaki. Weye unanipita urefu, tukaongeza bidole bibili. Siku ile ile tukaitia mu moto ya makala. Miaka munane niko mufundi, ilikuwa mara ya kwanza ninapinda kintu kwa kutaka, na nyundo nilikuwa ninaishusha polepole mpaka Nkandu akauliza kama nina malaria.

Monsieur alipita kuangalia. Nilimueleza. Alipapasa ile chuma, akasema ni hasara, akaniachia catalogue.

Toka ile siku ninaipandaka kuenda kazini. Muguu yangu haifike pale muzuri, ninainyoosha kwa nguvu, na jioni nyonga inaniwaka na miye, Julienne ananikanda na mafuta na kunitukana. Mu Katuba banauliza nilivunjika lini. Benzangu mu atelier bananiambia kila siku: weye ajusteur muzima, piga nyundo mara tatu, nyoosha ile kintu, ukae sawa bantu. Ninabaambia haiwezekani, pale kuko muntu. Banaangalia, hawaone muntu. Ninabaambia iko Mitwaba.

Congé yangu, mapumziko ya kazi, inaanza siku 4 ya mwezi wa kumi, mbele ya mvua. Nitakuya na njia ya Jadotville, nitalala njiani mara mbili, usinihesabie masaa. Nyuma nilitia kiti ya pili, ya mupana. Utakaa pembeni sawa bamama, na mwenye kucheka tutamujua. Tutazunguka Mitwaba yote.

Lakini mbele ya ile, nitaisimamisha mbele ya nyumba yako, motori inalia. Miye nitakushika upande moja, mama Constance upande ingine, tutakuinua polepole, ata kama inakamata asubuhi nzima. Hauna lazima ya kuenda popote. Utatia tu muguu pale pake, na utaniambia kama nilipima muzuri.

Nikikosea, niko na nyundo.

Ni miye, mwipwa yako mwenye kukataa kukupyana,
Constantin